Miezi yetu ihesabiwe getini, si kwenye karatasi ya wakala

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nizungumze juu ya sisi tunaofanya kazi katika viwanda, maghala na ofisi za watu, huku tukihesabiwa kuwa ni wafanyakazi wa mtu mwingine ambaye hana kiwanda wala ghala, bali ana chumba kimoja na mhuri. Barua yangu ni ndefu. Naomba usiikate sana, kwani jambo lenyewe lina mizunguko mingi, na wanaofaidika nalo wanafaidika kwa sababu ya mizunguko hiyo hiyo.

Mimi ni mshona viroba vya unga katika kiwanda kimoja hapa Dar es Salaam. Jina lake nitaliacha, maana yanayofanyika kwetu yanafanyika kwa jirani zetu pia, na sitaki isemwe kuwa nina ugomvi na bwana fulani. Niliingia katika geti lile mwezi Machi 2021. Hadi leo ninaingia geti lile lile, ninasimama mbele ya mashine ile ile na msimamizi wangu ni yule yule. Hata mlinzi anajua jina la mtoto wangu wa kwanza. Lakini kwa mujibu wa karatasi, mimi ni mgeni ambaye hajatimiza hata miezi mitatu kazini.

Jambo hilo linawezekanaje? Nitaeleza. Tangu nilipoingia nimekuwa chini ya mawakala wanne. Wakala wa kwanza alipomaliza mkataba wake na kiwanda, hatukuambiwa tubaki nyumbani, wala hatukupewa barua ya kuachishwa, wala hatukulipwa malipo ya kumaliza kazi. Tuliitwa kwenye bwalo la chakula saa ya mapumziko, tukakuta karatasi mpya zenye jina jipya juu yake, tukatia sahihi mmoja mmoja tukiwa bado na vumbi la unga mikononi, kisha kengele ikalia tukarudi kwenye mashine. Uji wenyewe hatukumaliza. Ndivyo ilivyokuwa kwa wakala wa pili, wa tatu na huyu wa nne. Kila karatasi mpya ilifuta ile ya zamani, na kwa kuifuta ikafuta miezi yetu.

Sasa nawaomba wasomaji wenzangu wanisikilize kwa makini katika sehemu hii, kwani ndipo penye kiini cha barua yangu.

Tunayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Ni sheria nzuri, wala sina nia ya kuibeza. Imeweka saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma, ikasema ovataimu ilipwe mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na saa za usiku ziongezewe angalau asilimia tano. Imeweka likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo, na likizo ya uzazi ya siku 84. Imesema mtu asiachishwe kazi ila kwa sababu ya haki na kwa utaratibu wa haki. Na anayeachishwa baada ya kutimiza miezi kumi na miwili mfululizo, bila kuwa na kosa la utovu wa nidhamu, alipwe kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka kumi.

Lakini haki zile kubwa zina mlango, na mlango huo ni muda. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi bila haki haimhusu mtu ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri yule yule. Likizo ya malipo nayo, kwa kawaida, haimhusu aliye chini ya miezi sita. Kiinua mgongo kinataka miezi kumi na miwili. Kwa hiyo mwenye kutaka kumnyima mfanyakazi haki hizo hana haja ya kuivunja sheria mchana kweupe. Inamtosha kuhakikisha kwamba saa ya mfanyakazi huyo inarudishwa sifuri kabla haijafika mahali pa kudai.

Wengi wetu huambiwa kwamba kinachorudisha saa sifuri ni zile karatasi za miezi mitatu mitatu. Hiyo si kweli, na ningependa kila kibarua anayesoma gazeti hili aijue habari hii. Sheria inasema miezi sita kwa mwajiri yule yule huhesabiwa iwe ni chini ya mkataba mmoja au mikataba kadhaa. Maana yake ukitia sahihi karatasi mbili za miezi mitatu kwa mwajiri mmoja, miezi yako ni sita. Hali kadhalika katika likizo: mtu aliyefanya kazi kwa vipande kwa mwajiri yule yule katika mwaka mmoja, na vipande hivyo vikijumlishwa vikapita miezi sita, anastahili likizo yake. Tena sheria inasema kwamba kutokurudishiwa mkataba wa muda, pale mfanyakazi alipokuwa na sababu ya haki ya kutarajia kuwa utarudishwa, ni kuachishwa kazi pia. Waliotunga sheria walikwisha kuuona ujanja wa karatasi fupi fupi, wakauziba.

Lakini tundu moja lilibaki. Maneno hayo yote yanasimama juu ya nguzo ya "mwajiri yule yule". Badilisha mwajiri kwenye karatasi, na nguzo inaanguka, hata kama mfanyakazi hakusogea hatua moja kutoka kwenye mashine yake. Hapo ndipo wakala anapopata thamani yake machoni pa mwenye kiwanda. Kutafuta watu si kazi ngumu katika mji huu. Asubuhi yoyote nenda kwenye mageti ya viwanda vya Barabara ya Nyerere utawakuta wenyewe wamesimama. Anachouza wakala ni jina. Anaazimisha jina lake liandikwe mahali palipopasa kuandikwa jina la mwenye kiwanda, na akichoka anakuja mwingine kuazimisha la kwake.

Nisieleweke vibaya. Sipingi kazi ya muda. Wakati wa kuvuna miwa lazima viwanda vya sukari viongeze watu, na msimu wa korosho ukifika kusini maghala hayawezi kuendeshwa na watu wale wa siku zote. Pamba nayo ina miezi yake. Mtu akiitwa kwa msimu, akalipwa vizuri, na msimu ukaisha akaenda zake, hakuna aliyeonewa. Lakini unga unaliwa Januari, unaliwa Juni, unaliwa Desemba. Mashine yetu haina msimu. Haizimwi ila ikiharibika. Kazi isiyokwisha kwa miaka mitano inaitwaje ya muda?

Neno lenyewe "kibarua" wazee wanasema limetokana na barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku ili jioni akionyeshe apate ujira wake. Vijana siku hizi wanasema deiwaka. Vyovyote tutakavyoita, maana yake ilikuwa kazi ya leo kwa malipo ya leo. Sisi tunakwenda kazini kila siku kama waajiriwa, tunakatwa kama waajiriwa, tukichelewa tunapewa onyo la maandishi kama waajiriwa. Ni katika kudai tu ndipo tunakuwa vibarua.

Nimewahi kumsikia mzee mmoja mtaani kwetu akisema hali yetu ni umanamba uliorudi. Nilifikiri sana juu ya neno lake, kwani babu yangu mzaa mama alitoka Songea kwenda kukata mkonge Tanga. Wakati huo wenye mashamba walikuwa na chombo chao cha kuandikisha watu, kilichojulikana kwa jina la SILABU, kilichoanzishwa mwaka 1944. Watu walichukuliwa Songea, Njombe, Kigoma na kwingineko, wakapewa namba, wakasafirishwa hadi mashambani. Huko walifanya kazi kwa kipande, kadi ya siku thelathini, na hapakuwa na mshahara kamili mpaka siku zile zitimie. Yalikuwa maisha magumu, wala sitaki kuyapamba. Lakini manamba akishafika shambani alijua bwana wake ni nani. Aliyemwandikisha alikuwa amekwisha kuondoka. Mkonge ulikuwa wa shamba lile na kipande kilikuwa cha shamba lile. Akiwa na shauri alikwenda ofisi ya shamba. Wakala wa leo hamfikishi mtu kazini akaondoka. Anabaki katikati siku zote, na sisi tukienda ofisi ya kiwanda tunaambiwa, "Nendeni kwa mwajiri wenu."

Kwenda kwa huyo mwajiri wetu ni safari. Mwaka juzi mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku alinaswa kidole na mkanda wa mashine. Kiwandani walimfunga kitambaa, wakampa nauli, wakasema mambo ya matibabu na fidia ni ya wakala. Wakala akasema ajali imetokea ndani ya kiwanda, kwenye mashine ya kiwanda, chini ya msimamizi wa kiwanda, hivyo kiwanda ndicho kiandike taarifa. Ilipita wiki nzima watu wakirushiana kidole cha mtu. Tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na upo Mfuko ambao waajiri wote wanatakiwa kuuchangia, tena bila kumkata mfanyakazi hata senti moja. Fedha za fidia zipo. Kilichokosekana kwa mwenzetu ni mtu wa kukubali kwamba yeye ndiye mwajiri.

Mwingine ni dada mmoja wa kitengo cha kupima uzito. Alipopata ujauzito na ukaanza kuonekana, hakuna aliyemwambia neno baya. Karatasi yake ilipofika mwisho haikuletwa nyingine, basi. Wenzake wote waliletewa. Mwajiri anayemfukuza mwanamke kwa sababu ya ujauzito anavunja sheria, na naamini wenye kiwanda wanaijua sheria hiyo. Lakini wao wanasema hawakumfukuza, kwani hakuwa wao. Wakala anasema naye hakumfukuza. Mkataba ulikwisha wenyewe. Dada yule alijifungua salama, na sasa anauza maandazi.

Ukiachishwa kazi, mahali pa kupeleka shauri ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wa kulipeleka ni siku 30. Madai mengine, kama ya mshahara, ni siku 60. Siku 30 zinaonekana nyingi kwa mtu aliye ofisini. Kwa mtu anayepigwa danadana kati ya geti na chumba cha wakala, njoo kesho, njoo Jumatatu, meneja amesafiri, siku 30 zinayeyuka kabla hujajua fomu uandike jina la nani. Ndiyo, Tume inaweza kukubali shauri lililochelewa ukieleza sababu. Lakini hapo unakuwa na mashauri mawili, la kwanza la kuomba usikilizwe, la pili la haki yako, na tumboni huna kitu. Ushauri wangu kwa wenzangu ni huu: andika majina yote mawili, la wakala na la mwenye kiwanda, waache wao wakabishane mbele ya msuluhishi nani hahusiki.

Mtu ataniuliza: je, sheria haina namna ya kumtambua mwajiri wa kweli? Inayo kidogo. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, imeweka vipimo vya kumdhania mtu kuwa ni mfanyakazi wa yule anayemtumikia. Kimojawapo ni kwamba amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kingine ni kwamba saa zake na namna yake ya kazi viko chini ya uongozi wa mtu yule. Mimi saa 45 nazimaliza kwa juma moja, na anayeniambia simama, kaa, ongeza kasi, ni msimamizi wa kiwanda. Wakala simwoni mpaka siku ya mshahara. Kipimo hicho kingetumiwa na maafisa kazi wanapotembelea viwanda, nadhani majina mengi ya waajiri yangebadilika.

Tena Serikali yenyewe ilikwisha kuliona jambo hili. Mwaka 2014 ilitoka amri na zikatungwa kanuni za mawakala binafsi wa ajira, kwamba kazi ya wakala ni kumuunganisha mtafuta kazi na mwajiri, si kujifanya mwajiri wa watu wanaofanya kazi kwa mwingine. Kampuni zikaambiwa ziwachukue wafanyakazi wale wawe wao. Wengi walifurahi. Lakini mtaani nini kilitokea? Aliyekuwa wakala wa ajira aliondoa kibao chake akaandika kibao kipya: mkandarasi wa huduma. Sasa haleti watu, analeta "huduma ya kufungasha", na huduma hiyo ina miguu miwili na inakuja na chakula chake kwenye kopo. Kubadilisha kibao ni gharama ya rangi na brashi tu.

Ndiyo maana sidhani kwamba dawa ni kupiga marufuku peke yake. Wenzetu wa Namibia walijaribu. Nchi ile iliteswa sana na kazi ya mikataba wakati wa utawala wa Makaburu, hata wafanyakazi wakagoma nchi nzima mwishoni mwa mwaka 1971. Baada ya uhuru, Bunge lao katika sheria ya kazi ya mwaka 2007 lilikataza kabisa biashara ya kukodisha watu. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya huko ikalifuta katazo hilo, ikisema linakwenda kinyume na haki ya mtu kufanya biashara. Hawakukaa wakalia. Mwaka 2012 walirekebisha sheria, wakasema sawa, wakala awepo, lakini mtu aliyeletwa na wakala apate masharti yasiyopungua ya yule aliyeajiriwa moja kwa moja kwa kazi ile ile. Faida kubwa ya kuwa na wakala ikapungua hapo hapo.

Afrika Kusini walishika njia ya muda, na hiyo ndiyo inayonipendeza zaidi. Tangu Januari 2015 sheria yao inasema mtu wa mshahara wa chini aliyeletwa na wakala akipita miezi mitatu, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa yule anayemtumia. Waajiri walibishana mpaka Mahakama ya Katiba, nayo mwezi Julai 2018 ikaamua kwamba baada ya miezi mitatu hiyo mwajiri kwa maana ya sheria ile ni mmoja tu, naye ni mwenye mahali pa kazi. Hata Uingereza, ambako mawakala wa kazi ni biashara kubwa, tangu Oktoba 2011 mtu wa wakala akitimiza majuma kumi na mawili katika kazi ile ile ana haki ya malipo ya msingi sawa na aliyeajiriwa hapo. Wote hawa wanahesabu muda mahali kazi inapofanyika.

Nasi tunacho cha kuanzia, tena cha nyumbani. Ibara ya 23 ya Katiba yetu inampa kila mtu, bila ubaguzi wa aina yoyote, haki ya ujira unaolingana na kazi yake. Sasa njooni muone mashine yetu. Upande wa kulia anasimama mwenzangu mwenye fulana ya buluu ya kiwanda, upande wa kushoto nimesimama mimi na fulana ya kijivu ya wakala. Kiroba kikitoka kwake kinakuja kwangu. Yeye akipumzika mimi ninashika nafasi yake, nami nikienda haja yeye anashika yangu. Mimi hulipwa shilingi 9,000 kwa zamu, na siku nisiyofanya kazi, iwe sikukuu au malaria, sina kitu. Nikijitahidi siku 26 napata 234,000 kabla ya makato. Yeye anachukua karibu mara mbili, ana bima ya afya, ana likizo, na Krismasi hupewa mchele na mafuta. Simwonei kijicho, ni rafiki yangu, na mara nyingi mchele ule huugawa nusu akanipa. Ninachouliza ni kiroba kipi kati ya viroba vile ni cha buluu na kipi ni cha kijivu kinapofika dukani.

Hayo ya mwenzangu hayakushuka kutoka mbinguni. Yamo katika mkataba wa hali bora ambao chama chao cha wafanyakazi kilifunga na kiwanda. Sisi hatumo, kwa sababu chama hujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wafanyakazi wake, nasi "si wake". Hapa sina budi kuwasema kidogo ndugu zetu wa vyama. Katika kitengo chetu wenye fulana za kijivu tumewazidi wenye buluu. Kila anayestaafu nafasi yake hujazwa na kijivu. Chama kinachongoja mpaka buluu wabaki wachache ndipo kishtuke kitakuta hakina tena watu wa kuwasemea. Ingefaa viongozi wa vyama waje getini saa ya kubadilishana zamu, watuandikishe, na madai ya kwanza katika mkataba ujao yawe hesabu ya miaka yetu.

Juu ya michango ya NSSF sitasema mengi, kwani yamekwisha kuandikwa sana. Sehemu ya mfanyakazi inayokatwa haipasi kuzidi asilimia kumi katika ile ishirini, na iliyobaki ni ya mwajiri. Wakala wetu wa pili alikata, akaondoka, na kwenye taarifa zetu kuna miezi saba iliyo mitupu. Nenda kamtafute, chumba chake sasa ni saluni. Kiwanda kipo pale pale na moshi unatoka, lakini kinasema kilikwisha kumlipa. Mwenye mahali pa kazi angewajibika pamoja na wakala kwa kila senti ya mshahara na michango isiyofika, naye angechagua mawakala wake kwa uangalifu kama anavyochagua ngano.

Tena niongeze jambo ambalo huenda litawakera baadhi ya wakubwa. Hata katika baadhi ya ofisi za umma, mlinzi wa getini na mama anayefagia korido ni watu wa mkandarasi. Zabuni ikibadilika, mama yule yule anabaki na fagio lile lile, miaka yake inafutwa. Hapa haihitajiki kungoja Bunge. Anayeandika masharti ya zabuni anaweza kuandika kwamba mkandarasi mpya akiwachukua watu waliopo atawachukua na miaka yao, na kwamba kabla ya mkandarasi wa zamani kulipwa fedha za mwisho aonyeshe ushahidi wa michango na malipo ya likizo. Ni mistari miwili. Serikali ikianza kwake, kiwanda hakitakuwa na la kujibu.

Najua wenye viwanda watasema gharama zitapanda na kazi zitapungua. Huenda zikapanda kidogo. Lakini kiwanda tayari kinamlipa wakala fedha juu ya ujira wetu, na kiasi hicho ni siri ambayo hatuonyeshwi. Fedha hiyo ipo, inatoka kila mwezi. Karatasi ya mshahara ingeandikwa wazi kiasi alicholipa kiwanda kwa zamu moja na kiasi kilichomfikia mshonaji, ubishi mwingi wa gharama ungekwisha. Tena mtu anayejua kwamba miaka yake inahesabiwa hujifunza mashine. Sisi wa kijivu tukisikia mlio mbaya ndani ya mashine hunyamaza, kwani anayetoa taarifa ndiye anayeulizwa kwa nini imeharibika, na anayeulizwa ndiye ambaye karatasi yake hairudi.

Ombi langu basi kwa Wizara inayoshughulikia kazi ni moja. Katika sheria, pale palipoandikwa mwajiri yule yule, paongezwe maneno ya kusema kwamba mfanyakazi aliyebaki mahali pale pale pa kazi, katika kazi ile ile, muda wake uhesabiwe tangu siku aliyoingia hapo, wawe wamepita mawakala wawili au kumi, na wabebe vibao vya jina lolote. Kabla ya hapo, maafisa kazi wakija kiwandani wasiishie ofisini kwa meneja kuonyeshwa orodha ya wenye buluu. Wakae kwa mlinzi wa geti. Anaandika daftari la kuingia na kutoka, na madaftari ya tangu 2021 yamepangwa chini ya kiti chake. Majina yetu yamo humo kila siku, pamoja na saa.

Karatasi yangu ya sasa inakwisha mwisho wa mwezi ujao, na tayari tumesikia kuna wakala wa tano.

Mshona Viroba,
Vingunguti,
Dar es Salaam.